Kompyuta 8 kwa wanafunzi 48: je, tununue vishikwambi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Jiografia wa Kidato cha Pili. Maabara yetu ina kompyuta 8 na darasa langu lina wanafunzi 48, kwa hiyo sita hukaa kwenye mashine moja. Mmoja hushika mausi na wengine hutazama. Kampuni moja inatushawishi tununue vishikwambi pamoja na programu ya kujifunza kwa ushirikiano, ikidai kwamba kila mwanafunzi akiwa na chake watashirikiana wenyewe. Mkuu wa shule anasubiri ushauri wangu. Nimwambie nini?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mwambie mkuu wako asitie saini bado. Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara uchache wa mashine hubebeshwa lawama ambayo kwa sehemu kubwa ni ya zoezi lenyewe. Wanafunzi sita kwa kompyuta moja ni wengi mno, hilo sikatai. Lakini nimeingia katika maabara ambamo kila mwanafunzi ana mashine yake na nikakuta hali ileile: mmoja anafanya kazi, wenzake wanasubiri awatumie jibu.

Katika shule moja nilikaa nyuma ya kundi lililokuwa likichora grafu ya mvua kwa lahajedwali, yaani programu ya kupanga na kukokotoa tarakimu katika jedwali. Msichana aliyekaa mwisho wa benchi alinakili kutoka kwenye skrini maneno "Dodoma: msimu mmoja", kwa mwandiko safi, akayapigia mstari kwa rula. Nilipomuuliza amejuaje kuwa ni mmoja, alimtazama mvulana aliyeshika mausi. Mwalimu wao, aliyeona vichwa sita vimeinamia kioo kimoja, aliniambia kwa furaha kwamba kundi lile hushirikiana vizuri sana.

Hapo ndipo penye kosa linalonisikitisha kuliko yote: kudhani kwamba waliokaa pamoja wanajifunza pamoja. Noreen Webb wa Marekani, aliyechunguza kwa miaka mingi makundi ya wanafunzi wa hisabati, alionyesha kwamba anayeeleza hatua kwa hatua ndiye hufaidika zaidi, ilhali anayepewa jibu tupu kwa kawaida haondoki na kitu. Kwa hiyo unapopanga kazi, jiulize kwanza ni nani atalazimika kueleza.

Ukiwa na vipindi viwili mfululizo, weka wanafunzi 24 kwenye kompyuta, watatu kwa kila moja, na wale 24 waliobaki wachore grafu hizohizo kwa mkono kwenye karatasi za grafu. Baada ya dakika 40 wabadilishane. Katika kila kundi la watatu, mmoja apewe takwimu za mvua za Dodoma, mwingine za Bukoba, wa tatu za Dar es Salaam, na asiwepo mwenye karatasi mbili. Anayeshika mausi asiingize tarakimu za mji wake mwenyewe. Aingize anazosomewa na mwenzake, kisha mausi ihame. Waulize ni mji upi wenye msimu mmoja tu wa mvua, na ni miezi ipi inayothibitisha. Mwishoni mchague yeyote, hasa yule aliyenyamaza, aeleze kwa niaba ya kundi, na alama za wote zitokane na maelezo yake. Utaona wanavyoanza kuulizana, kwa sababu sasa kila mmoja ana sababu ya kuhakikisha mwenzake ameelewa. Kugawa kazi vipande namna hii ni mbinu iliyobuniwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas, bila kompyuta hata moja.

Sasa niiseme ile programu. Zipo programu zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Watafiti wa elimu Marlene Scardamalia na Carl Bereiter, huko Toronto, Kanada, katika miaka ya 1980, walitengeneza moja ambayo wanafunzi waliandika hoja zao mahali pamoja, wakizitambulisha kwa maneno kama "nadharia yangu" au "ninahitaji kuelewa", na wenzao wakaziendeleza. Hata hiyo, bila swali la kweli mbele ya darasa na mwalimu anayezisoma hoja hizo, ingebaki kuwa daftari tupu. Anayewaahidi kwamba ushirikiano utatokea wenyewe mara tu vifaa vitakapowashwa anawauzia dawa ya kutibu kila ugonjwa.

Na vifaa pekee vimekwishajaribiwa kwa upana. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012, iliyohusisha shule za msingi 319 za vijijini, haikuona ongezeko lolote katika matokeo ya hisabati na lugha. Inaniuma kuona shule ikitumia michango ya wazazi kulipia leseni ya kila mwaka huku kabati la maabara likiwa na vishikwambi visivyochajiwa. Wakuu wa shule wanaopokea wauzaji wa namna hii wawape mtihani mmoja kabla ya kuzungumzia bei: waje na programu yao, wafundishe kipindi kimoja cha dakika 40 kwa darasa lenu na kompyuta zenu zilizopo, kisha mwalimu wa somo amchague mwanafunzi mmoja asiyeshika mausi na kumwomba aeleze alichojifunza, kifaa kikiwa kimezimwa.