Kutoka kwenye Pipeti hadi kwenye Ratiba

Siku kazi yangu ilipoanza kubadilika nilikuwa nimeinama mbele ya jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, nahesabu vichupa. Hakuna aliyenituma. Kimeng'enya tulichokitegemea kilibaki cha majaribio mawili tu, na kuagiza kingine kulichukua wiki sita. Nikarudi mezani, nikachora kwenye karatasi nani anafanya nini na lini, kisha nikamwomba mwenzangu aahirishe jaribio lake. Mkuu wa maabara aliiona ile karatasi, akaibandika ukutani. Miezi michache baadaye akanikabidhi mradi mzima.

Nawaambia haya kwa sababu wengi mnaotaka kuhama kutoka maabara kwenda usimamizi wa miradi mnadhani mnaanza upya. Si kweli. Wasimamizi wa miradi wana kitu wanachokiita njia muhimu: mfuatano wa kazi ambazo moja ikichelewa siku moja, mradi wote unachelewa. Mbinu hiyo ilizaliwa viwandani mwishoni mwa miaka ya 1950, na kampuni ya kemikali ya DuPont ni miongoni mwa walioianzisha. Anayesafisha protini anaijua hata kama hajui jina lake. Bakteria wanaotutengenezea hiyo protini hawaharakishwi, wakihitaji usiku kucha kukua, watakua usiku kucha hata ukiongeza watu kumi. Lakini bafa, vile vimiminika vya kusafishia protini, unaweza kuziandaa huku wanakua. Ratiba ndiyo hiyo. Zile programu za kompyuta utazizoea upesi.

Kilichonitesa ni kuacha pipeti, kile kifaa cha kupimia vimiminika, yaani kuacha kufanya majaribio kwa mikono yangu. Kwenye kikao changu cha kwanza nilimweleza mtaalamu mmoja namna ya kuchuja protini, hatua kwa hatua, mpaka kasi ya bafa kwenye mrija. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akauliza, "Sasa dada, nifanye mimi au utakuja kufanya mwenyewe?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, ingawa iliniuma. Tangu hapo nauliza mawili tu: utamaliza lini, na nini kinaweza kukukwamisha?

La pili ndilo lenye kazi, na hapo ndipo uzoefu wa maabara unalipa. Mtafiti akikwambia wiki mbili, ana maana wiki mbili endapo jaribio litakubali mara ya kwanza. Wewe umeshasimama pale. Unajua ni mara ngapi linakubali mara ya kwanza. Uliza amepanga kulirudia mara ngapi, na kemikali za kurudia zipo au zitaagizwa. Meneja aliyetokea kwenye uhasibu hatajua kuuliza hivyo.

Vyeti visikunyime usingizi. PMP, cheti cha wasimamizi wa miradi wenye uzoefu, inamtaka mwenye shahada awe ameongoza miradi miezi 36, pamoja na saa 35 za mafunzo. Mgeni anaweza kuanza na CAPM, cheti cha ngazi ya mwanzo kisichodai uzoefu. Mimi niliajiriwa sina hata kimoja.

Wasifu ndio wengi mnauharibu. Mnajaza PCR, elektroforesisi, na majina ya mashine ambazo msomaji hajawahi kuziona. Andika uliratibu watu wangapi, sampuli ngapi, kwa muda gani, na ulifanya nini mashine ilipoharibika katikati ya kazi. Ukiona huna cha kuandika, fungua daftari lako la maabara. Langu nililipekua siku nzima, na nusu ya wasifu wangu ilitoka humo.