Kabla Hujalipia Hiyo Webley

Mwanangu mpendwa,

Unasema umeonyeshwa rivolva ya Webley Mark VI, bastola ya jeshi la Uingereza, ya mwaka 1917, inang'aa kama imetoka kiwandani jana, na muuzaji amepandisha bei kwa sababu ya mng'ao huo, tena anadai ilikuwa ya afisa. Unaniuliza kama bei ni ya haki. Mwanangu, mng'ao huo ndio unaonitia wasiwasi.

Silaha iliyopita vitani huwa na ngozi yake. Rangi ya kiwandani huchubuka mdomoni mwa mtutu kwa kuingia na kutoka kwenye mkoba wa ngozi, na hupauka pale kiganja kiliposhika. Ngozi hiyo ndiyo wanayoilipia wakusanyaji. Ikipigwa msasa na kupakwa upya, hata nusu ya thamani yaweza kuondoka, na hairudi.

Kosa hilo nimelilipia mwenyewe. Bastola yangu ya kwanza niliinunua usiku, chini ya taa, kwa pesa niliyoidunduliza muda mrefu. Kesho yake mzee mmoja mjuzi wa vitu hivi alipitisha ukucha juu ya maandishi ya fremu, yaani kiunzi cha bastola. Ukucha haukukwama popote. Herufi zilizogongwa kiwandani huwa na kingo. Zile zilikuwa zimelainika kama maandishi ya sabuni iliyokwisha kutumika. Akanionyesha na tundu la skrubu: ukingo wake ulikuwa umebonyea kama kisahani, kwa sababu gurudumu la kung'arishia hula zaidi pembeni mwa tundu. Niliumia sana siku ile.

Basi mwambie muuzaji aifungue mwenyewe, uone kwa macho yako kwamba haina risasi, kisha utazame nyuma ya silinda, ile sehemu ya mviringo inayoshika risasi. Mark VI nyingi zilizouzwa Marekani zilipunguzwa chuma hapo ili zipokee risasi za Kimarekani za .45 ACP, kwani zake za Kiingereza za .455 zilikuwa adimu. Iliyokatwa haiwezi kuuzwa kwa bei ya iliyo nzima. Tena usikubali mtu akwambie uifyatue kwa risasi za .45 ACP za kawaida: presha yake inazidi ile iliyokusudiwa kwa bastola hiyo. Namba ya silinda na ya fremu ziwe moja. Mwaka nao usome vizuri; ukikuta 1917 pamoja na Enfield, kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza, kama mtengenezaji, ondoka, kwa sababu Enfield walianza kuitengeneza 1921.

Hiyo habari kwamba ilikuwa ya afisa, mimi siilipii bila karatasi. Ni kweli maofisa wa Uingereza walijinunulia bastola, na wengine walichonga majina yao. Jina likiwepo, litafute katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, ambako uteuzi wa maofisa ulichapishwa. Ila hata jina laweza kuchongwa leo.

Kuhusu bei yenyewe, achana na bei wanazotaja wauzaji. Tafuta zilizouzwa kweli mnadani, za Mark VI zisizokatwa na zenye hali kama ya hiyo, ukikumbuka kuongeza komisheni anayotozwa mnunuzi. Nne au tano zitatosha.

Hakikisha pia sheria ya hapo ulipo inakuruhusu kuimiliki. Kisha nitumie picha za maandishi, skrubu na nyuma ya silinda, zilizopigwa mchana karibu na dirisha. Usitoe arubuni kabla sijaziona.

Baba yako