Muvi imeniliza, ni kawaida?

SWALI: Shikamoo anti, juzi tumeangalia Seven Pounds ya Will Smith ya 2008, yule kaka aliyeshika simu akiendesha gari wakafa watu 7 na mchumba wake akiwemo, nimelia mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Ni kawaida? Mama J, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kawaida kabisa, hata mi nililia, hasa pale Emily, yule dada mgonjwa wa moyo aliyempenda, anapopata moyo wa yule kaka baada ya kaka kujiua. Ila kujiua ili ulipe deni la wale watu 7 hapana jamani, sikubali! Hapo kwenu Uchagani mtu akikosea anapeleka jani la mmea wa sale anaomba msamaha, anabaki hai anawatazama aliowaumiza, hiyo ndo ngumu zaidi. Na kama kilio kimegusa jambo lako mwenyewe mwambie mumeo, si ameshakuuliza.