Maswali ya Wasomaji: Ghorofa la kifahari katika kiwanja cha marehemu baba

SWALI: Ndugu Mshauri, baba yetu alifariki akatuachia nyumba ya vyumba sita Magomeni Mapipa, ambamo mama anaishi pamoja na wapangaji wanne. Amekuja mwendelezaji anayetaka kuibomoa ili ajenge ghorofa kumi za apatimenti za kifahari, na ameahidi kutupa asilimia 30 ya jengo. Anaomba tumkabidhi hati mapema ili kazi ianze, na kaka yetu mkubwa yuko tayari kusaini wiki hii. Je, tukubali?
— Binti wa Mapipa, Dar es Salaam

JIBU: Binti yetu, kabla ya kuzungumzia asilimia, ulizaneni ni nani mwenye mamlaka ya kusaini. Kama mirathi haijafunguliwa, kaka yako hana mamlaka hayo, hata kama ndiye mkubwa na ndiye amekuwa akilipia kodi ya ardhi miaka yote. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, naye husimama kwa niaba ya warithi wote, akiwamo mama, ambaye ana thumuni yake (sehemu moja ya nane) ikiwa familia yenu inafuata sheria ya Kiislamu.

Jambo ambalo lingeninyima usingizi ni hilo ombi la kukabidhiwa hati mapema. Waendelezaji wengi hujenga kwa fedha za mkopo, na benki haitoi mkopo mkubwa bila dhamana. Dhamana iliyo karibu na mkono wake ni kiwanja chenu. Hati ikishahamia jina lake, au mkishasaini idhini ya kuiweka rehani, hasara ya biashara yake inakuwa yenu pia: apatimenti zisiponunuliwa na mkopo ukashindwa kulipwa, benki itauza ardhi pamoja na kila kilicho juu yake, nanyi mtabaki na karatasi inayosema mna asilimia 30 ya nguzo za zege. Hati na ibaki kwa jina la msimamizi wa mirathi, itunzwe na wakili wenu (wenu, si yule atakayeletwa na mwendelezaji), na mkataba utamke kuwa haiwekwi rehani bila idhini ya maandishi ya warithi wote. Utamke pia muda wa ujenzi, na haki yenu endapo muda huo utapita kazi ikiwa imesimama.

Kisha mwulizeni: asilimia 30 ya nini? Katika majengo ya Magomeni na Kariakoo fedha iko chini, kwenye fremu za biashara zinazotazama barabara. Mkipewa sehemu yenu yote kuanzia ghorofa ya saba kwenda juu, hesabu itakuwa sahihi kwenye karatasi, lakini kodi mtakayokusanya haitalingana na yake. Mwendelezaji huyu hakuvutiwa na kuta za nyumba yenu. Amefuata mahali ilipo. Tangu mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, mkazi wa Mapipa anafika Kivukoni bila kubadili gari, na bei za viwanja zinalijua hilo. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa awapimie thamani ya ardhi peke yake, ndipo mkae mezani.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila apatimenti kuwa na hati yake. Dai hilo msiliache. Msisahau gharama za pamoja za lifti, jenereta, ulinzi na pampu ya maji, ambazo mmiliki hulipa hata apatimenti yake ikiwa tupu. Mama aliyezoea kutoka chumbani hadi uani kwa hatua chache atafanya nini ghorofa ya nane siku umeme ukikatika? Mwombeeni sehemu ya chini, na kodi ya nyumba atakayohamia wakati wa ujenzi ilipwe na mwendelezaji.

Wala msione haya kuomba kibali cha ujenzi, ripoti ya udongo na jina la mkandarasi aliyesajiliwa. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka katikati ya jiji Machi 2013 liliua watu 36, na Novemba 2024 msiba ukarudi Kariakoo. Kwa upande wangu, nisingeuza kiwanja hicho kwa fedha taslimu. Ubia ningeukubali, kwa masharti hayo, na si wiki hii.

SWALI: Mimi ni mpangaji wa miaka mingi Magomeni, nauza maandazi barazani. Mwenye nyumba anasema tuondoke, ghorofa linakuja. Wale wa Magomeni Kota mbona walirudishwa?
— Mama Maandazi

JIBU: Mama yangu, kaya 644 za Magomeni Kota zilikuwa zimepanga katika nyumba za umma, na ahadi ya kuzirudisha ilitolewa na serikali yenyewe, hata hivyo zilisubiri takriban miaka kumi hadi nyumba mpya 656 zilipozinduliwa Machi 2022. Wewe umepanga kwa mtu binafsi, na sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye pengo kubwa: mji unajengwa upya, na aliyeishi chumba kimoja kwa miaka 20 hahesabiwi popote katika mkataba wa ubia.

Hata hivyo hutolewi kama gunia. Unastahili notisi inayolingana na kipindi unacholipia kodi, na kama umelipa miezi sita mbele, miezi usiyoikaa urejeshewe fedha yake. Hifadhi risiti zako zote. Akikutoa vyombo nje kabla ya muda, anzia serikali ya mtaa, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuhusu maandazi, usikimbilie chumba cha bei rahisi Chanika kabla ya kupiga hesabu ya nauli, kwa sababu wateja wako watabaki Magomeni. Ukipata hata nusu ya baraza kwa jirani ambaye hajauza, chumba cha mbali kidogo kitavumilika. Na mwenye nyumba wako mwombe sasa, kabla hajasaini, akutengee meza moja nje ya jengo jipya. Mwendelezaji akishaweka mlinzi getini, wa kumwomba atakuwa mwingine.