Wimbo wa Beatles, Bikira Maria na lupango la marehemu

SWALI: Mume wangu alifariki, na tangu kilio kiishe kinachonituliza usiku ni wimbo "Let It Be" wa Beatles. Mwanangu alinieleza maneno yake: Mama Maria anamjia mtu aliye taabuni, anamwambia aache iwe. Sasa kijana mmoja wa korali anasema Maria huyo si Bikira, ni mama wa mwimbaji. Wa jumuiya wananitaka niufute, eti ni wa dunia. Mashemeji nao wanadai lupango, yaani kiwanja chetu na nyumba. Nimewaachia, kama wimbo unavyosema. Je, nilidanganyika? Mama wa Katuba, Lubumbashi.

JIBU: Pole sana, Mama. Kijana wa korali amesema kweli, ila hakumaliza. Paul McCartney wa kundi la Beatles aliutunga baada ya kumwota mama yake mzazi, Mary, muuguzi na mkunga aliyefariki kwa saratani mwaka 1956, Paul akiwa na miaka 14. Wakati wa ndoto hiyo kundi lilikuwa kwenye magombano; wimbo ulitoka Machi 1970 na mwezi uliofuata kundi likavunjika. McCartney mwenyewe amesema hachukii watu wakiusikia kama wimbo wa dini. Na hiyo ladha ya kanisa hukuiwaza tu: ogani inapigwa na Billy Preston, aliyekua akipiga kinanda kanisani tangu utotoni. Mjane kutulizwa na wimbo wa yatima aliyemwota mama yake, sioni dhambi iko wapi. Usiufute.

Ila haumtaji Yesu wala ufufuko, kwa hiyo usiuachie kazi yote. Upige mara moja, mbili basi, halafu zima simu. Ukiuacha ujirudie mpaka saa nane za usiku, mkono utaingia kwenye picha za marehemu na usingizi umekwisha. Simu ikizimwa, soma Luka 1:26–38 kwa sauti, taratibu, kisha mwambie Mungu unachokililia, bila kukipamba. Usiku ambao sala haitoki, soma Zaburi ya 88: inaishia gizani, bila neno la faraja mwishoni, na bado ni sala. Zikipita wiki mbili hulali, huli, au ukitamani kumfuata mumeo, hapo wimbo hautoshi wala korali haitoshi. Nenda kituo cha afya, ukawaambie hivyo hivyo.

Kilichonitisha zaidi katika barua yako ni mashemeji. "Na iwe kwangu kama ulivyosema": Mariamu alimjibu hivyo malaika wa Bwana, hakuwajibu watu wanaotaka kumtoa nyumbani. Tena katika sura hiyohiyo, mstari wa 52, anaimba kwamba Mungu "amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi". Kifo hukiwezi, Mama. Lupango bado lipo.

Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto katika daraja la kwanza la warithi, na inampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Wajane wengi hushindwa kwenye karatasi: ndoa iliishia kwenye mahari bila kuandikishwa komini (ofisi ya serikali ya mtaa), au hati za lupango zilikuwa mikononi mwa shemeji mkubwa. Kwa hiyo wiki hii kusanya cheti cha ndoa, cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za lupango. Toa fotokopi mbili za kila kimoja, seti moja ikae kwa mtu asiye wa ukoo wa mume. Kwenye kikao cha familia usisaini chochote, hata wakisema ni orodha tu ya waliofika.

Kabla ya kikao kingine, mwone paroko akuelekeze kwa watu wa Tume ya Haki na Amani. Kama ndoa yenu haikuandikishwa, waeleze siku ya kwanza, ili mashahidi wa mahari watafutwe kabla mashemeji hawajawafikia.