Jeni ya kuvunja sumu haitoshi peke yake

Ndugu, umeuliza kama ngano yenye jeni ya kuvunja sumu ya kuvu itakuondolea kabisa hofu ya Fusarium, kuvu anayeharibu masuke. Hapana, ila jeni hiyo ina thamani kubwa.

Jeni nyingi za ukinzani hufanya kazi ya mlinzi: humtambua adui, kisha mmea huamsha kinga yake. Jeni za kuvunja sumu ni tofauti, maana huzalisha kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, kinachoharibu silaha yenyewe ya adui: sumu yake. Mfano ninaoupenda ni Hm1 ya mahindi, jeni ya kwanza ya ukinzani wa magonjwa kutengwa katika mimea, mwaka 1992. Kimeng'enya chake huibadilisha sumu ya kuvu Cochliobolus carbonum, naye akishapokonywa sumu huishia kuacha vidoa vidogo tu kwenye jani.

Kwa ngano, ulizia Fhb7, iliyotoka kwenye nyasi-mwitu jamaa ya ngano. Kimeng'enya chake huunganisha glutathioni, molekuli ndogo iliyomo ndani ya mmea, na deoksinivalenoli, ile sumu ya Fusarium inayobaki kwenye nafaka na kumdhuru mlaji. Kwangu mimi hili ndilo kubwa zaidi, kuliko hata mavuno.

Lakini Fusarium akinyimwa sumu bado huambukiza, ingawa husambaa kwa shida ndani ya suke. Basi ukipata aina yenye Fhb7 pamoja na Fhb1, jeni nyingine ya ukinzani dhidi ya Fusarium, chagua hiyo. Usipande ngano juu ya mabaki ya mahindi, kwa sababu kuvu huyu huishi humo. Mvua ikinyesha wakati wa maua, nyunyiza dawa ya kuvu, na nafaka ipimwe sumu kabla ya kuliwa au kuuzwa.