Pazia Hupimwa Kwenye Fimbo, Si Kwenye Dirisha

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nimehamia nyumba yangu mwezi uliopita, nikaamua kujishonea mapazia ya sebuleni. Nilipima fremu ya dirisha, nikapata upana wa sentimita 150, nikakata vipande viwili vya sentimita 75 na kuongeza kidogo cha pindo. Nikiyafunga yananyooka kama shuka lililoanikwa, mwanga unapenya pembeni, na upande wa kushoto yanaburuta sakafuni ilhali wa kulia yanaelea. Nimekosea wapi? Tena natamani kuweka pelmeti, yaani kile kipande kifupi cha kitambaa kinachoning'inia juu mbele ya mapazia, nipime vipi?
*Mama wa Nyumba Mpya, Morogoro*

JIBU: Hongera kwa nyumba, Mama, na pole kwa usumbufu. Kosa lilianzia pale ulipoweka futi, kwa maana pazia hupimwa kwenye fimbo, na fimbo hufungwa kwanza. Ifunge kiasi cha sentimita 15 juu ya fremu, ipite dirisha kwa sentimita 20 kila upande, ili mapazia yakifunguliwa yakae ukutani bila kuziba hewa. Fimbo yako basi itakuwa ya sentimita 190. Zidisha mara 2 ili upate marinda, nawe utapata 380. Kwa kitambaa chenye upana wa 140 utahitaji vipande 3, yaani kimoja na nusu kwa kila pazia, na ile nusu uiweke upande wa ukutani ili mshono usikae katikati ya dirisha.

Kuhusu kuburuta upande mmoja, kagua fimbo kwa pimamaji, kwa kuwa mara nyingi imeinama. Ikiwa imenyooka, basi sakafu ndiyo yenye mteremko. Pima kutoka fimbo hadi sakafuni mahali patatu, kushoto, katikati na kulia, kwa futi ya chuma, maana ile ya kitambaa hulegea kadiri inavyotumika. Kisha chukua kipimo kifupi zaidi na upunguze sentimita 2. Tuseme umepata 230: pazia litakuwa la 228, ukiongeza 10 za juu na 20 za pindo la chini lililokunjwa mara mbili, kila kipande kitakatwa 258. Vipande 3 ni sentimita 774, kwa hiyo mita 8 zinatosha. Kitambaa cha pamba kifue kabla ya kukata, kwani hurudi.

Hesabu hiyo ni ya kitambaa kisicho na maua. Kikiwa na maua, mwombe muuzaji alifungue jora, upime kutoka ua moja hadi ua linalofanana nalo, kwa sababu kila kipande lazima kianzie kwenye ua lile lile. Umbali huo ndio marudio moja. Tuseme ni sentimita 64. Marudio 4 ni 256, nawe unahitaji 258. Kwa upungufu wa sentimita 2 tu utalazimika kununua marudio 5, yaani 320 kwa kila kipande, au mita 9.6 kwa jumla. Punguza pindo kwa sentimita 2, na zile mita 8 zitatosha tena. Hesabu hii nakusihi sana uifanye dukani, kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Pelmeti huhitaji fimbo yake, iliyosogezwa mbele ya ile ya mapazia. Urefu unaopendeza ni sehemu moja ya sita ya pazia, yaani 38 kwako. Ongeza 16 za pindo la juu na la chini, ukate 54. Upana ni fimbo ya 190 pamoja na 10 za kurudi ukutani kila upande, jumla 210, mara 2, yaani 420.

Mapazia uliyokwisha kushona usiyatupe. Ukiyakata kwa kukingama, kila moja litatoa vipande 3 vya sentimita 54. Viunge vyote 6, navyo vitafika karibu sentimita 430 baada ya mishono, na pelmeti yako itakuwa imepatikana bila kununua kitambaa kingine.